Kiu ya Sigara na Saa ya Futari

Mwaka 2010 watafiti wa Israeli, wakiongozwa na mwanasaikolojia Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, walichapisha matokeo ya upimaji walioufanya angani. Waliwachukua wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, wakawa wanawauliza mara kwa mara wakiwa safarini: kiu yako sasa imefikia wapi? Kila mhudumu alipimwa katika safari za aina mbili, fupi ya muda wa saa 3 hadi 5 na kitu, na ndefu inayozidi saa 10. Ndani ya ndege havuti mtu, iwe safari fupi au ndefu. Kama kiu ingetokana tu na nikotini kupungua mwilini, basi mhudumu aliyekaa saa 4 bila sigara angejisikia vilevile katika safari zote mbili. Haikuwa hivyo. Kiu yake ilikuwa kali zaidi katika safari fupi, kwa kuwa huko muda wa kutua ulikuwa umekaribia. Katika safari ndefu, muda uleule ulipita huku kiu ikiwa bado chini.

Mvutaji anayefunga Ramadhani anaijua habari hii bila kuhitaji mtafiti. Ukanda wetu uko jirani na ikweta, kwa hiyo funga ya Mombasa, Tanga au Unguja ni ya saa 13 na ushee kila mwaka. Mtu ambaye siku za kawaida hawezi kumaliza saa mbili bila kutoka nje kuvuta, anakaa mchana kutwa na kazi zake zinakwenda. Shida yake kubwa inaanza jioni, tende zikishatengwa na uji ukishamiminwa, wakati ambapo zimebaki dakika chache kabla ya adhana ya magharibi. Nikotini ilikuwa imeshapungua sana tangu adhuhuri. Kilichobadilika jioni ni kwamba ruhusa imekaribia. Dar na wenzake walikuwa wameshaliona jambo hilo mwaka 2005 kwa Wayahudi washika dini, ambao hawavuti siku ya Sabato: kiu yao siku hiyo ilikuwa ndogo kuliko siku ya kazi waliyoombwa wakae bila sigara.

Nimeanza na tafiti hizi kwa sababu ushauri mwingi anaopewa mtu anayeacha sigara unaishia kwenye nia. Jikaze, uwe mwanamume, muombe Mungu akupe nguvu. Nia inahitajika, sibishi. Lakini kiu hufuata nafasi, na mtu akishalielewa hilo ataacha kujilaumu kwa udhaifu, atatumia nguvu zake kuziondoa nafasi za kuvuta moja baada ya nyingine.

Hii haina maana kwamba arosto, yaani mateso ya kukosa nikotini, ni mawazo matupu. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda usiozidi sekunde 20. Huko inashika vipokezi maalumu vya chembe za neva, na dopamini inamwagika katika sehemu ya ubongo inayohusika na kuridhika. Ubongo unaopata nikotini kila siku huongeza idadi ya vipokezi hivyo. Nikotini yenyewe haikai: kila baada ya saa 2 hivi, nusu ya iliyomo kwenye damu imeshaondolewa. Ndiyo maana mvutaji anaamka asubuhi na kitu cha kwanza anachotafuta ni kiberiti. Usiku mzima damu imekuwa ikijisafisha, na vipokezi vimebaki vitupu.

Kwa mtu aliyeacha, hali huanza kuharibika siku ya kwanza na hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, akili isiyotulia kwenye kazi, njaa ya ajabu, huzuni isiyo na sababu. Wengi hawajui kwamba siku ya tatu ndiyo kilele. Wanadhani kama siku ya tatu iko hivi, basi ya kumi itakuwaje, na wanarudi dukani. Kumbe ya kumi ni nafuu, na baada ya wiki 3 au 4 sehemu kubwa ya dalili hizi inakuwa imepita. Picha za ubongo zilizopigwa kwa walioacha zinaonyesha kwamba hata vile vipokezi vilivyozidi hupungua na kukaribia idadi ya mtu asiyevuta baada ya wiki 6 hadi 12. Ukiwa umeacha juzi na leo umemfokea mtoto bila kosa, mwombe radhi, na ujue kwamba upo kwenye kilele.

Hata kwenye kilele, kiu haikai saa nzima. Inakuja, inapanda, inashuka, na mara nyingi dakika chache zinatosha. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, aliwafundisha wavutaji wasishindane nayo wala wasijifanye haipo. Waitazame tu inavyopanda kifuani na mdomoni, kama mwogeleaji anayeliacha wimbi limnyanyue na kumshusha. Mwaka 2009 yeye na Sarah Bowen walichapisha matokeo ya kuwafundisha wanafunzi wa chuo mbinu hiyo kwa muda mfupi. Kiu zao hazikwisha, lakini katika siku 7 zilizofuata walivuta sigara chache kuliko wenzao ambao hawakufundishwa.

Kwa asiyeweza kukaa na kuitazama, mwili una njia yake. Kutembea kwa haraka kwa dakika 10 au 15 hupunguza kiu, na hili limepimwa mara nyingi. Wengine hutafuna mswaki, karanga au kipande cha tangawizi, wengine hunywa maji ya baridi kwa mafunda madogo, wengine huanza kufua. Kipi kitafanywa si hoja kubwa. Muhimu kiwe kimeamuliwa mapema, kwa sababu kiu ikishapanda mtu hana utulivu wa kubuni.

Sasa nije kwenye kahawa, jambo ambalo kwetu lina uzito na ambalo nimewasikia washauri wachache mno wakilitaja.

Moshi wa tumbaku una kemikali, mbali na nikotini, zinazolifanya ini litengeneze kwa wingi kimeng'enya fulani kinachovunja kafeini. Kwa hiyo mvutaji huimaliza kahawa mwilini haraka kuliko mtu asiyevuta. Vikombe vitano vya barazani kwake ni kama havijamfikia. Siku anapoacha, kimeng'enya hicho kinapungua ndani ya siku chache, lakini vikombe ni vilevile vitano. Kafeini kwenye damu yake inaweza kufika maradufu. Mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio, usingizi unapaa, anakuwa na wasiwasi usio na mahali. Yeye anasema arosto imenizidi. Sehemu ya hali hiyo ni kahawa chungu aliyoinywa saa kumi na mbili jioni. Dawa yake ni rahisi: unapoacha sigara, punguza kahawa kwa nusu, na kuanzia alasiri usiiguse. Chai ya rangi kali nayo ihesabu.

Kimeng'enya hichohicho kinavunja baadhi ya dawa. Anayetumia theofilini kwa ajili ya pumu, au klozapini au olanzapini kwa ajili ya ugonjwa wa akili, amwambie daktari wake kwamba anaacha sigara, kwa sababu kipimo cha dawa kilichomfaa akiwa anavuta kinaweza kumzidi akishaacha. Aseme kabla ya siku yenyewe.

Na kahawa haitembei peke yake. Kuna lile benchi linalokaliwa, kuna watu, kuna kashata, kuna pakiti inayozunguka. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya kuwapima wavutaji walioacha kwa vipindi tofauti, kuanzia siku 7 hadi siku 35. Walipoonyeshwa vitu vinavyohusiana na sigara, waliokaa siku 35 walishikwa na kiu kubwa kuliko waliokaa siku 7. Zile dalili za mwili zilikuwa zimepungua, lakini mguso wa kukumbushwa ulikuwa umeongezeka. Hii inaeleza kitu kinachowashangaza wengi: mtu amevuka siku ya tatu kishujaa, wiki mbili zimepita, anajiona amepona, anarudi kijiweni kuwasalimu wenzake na anaondoka na harufu ya moshi mdomoni. Kijiwe kisirudiwe mapema. Mwezi mmoja na nusu wa kukaa kando si uadui. Waambie wenzako sababu. Wa kweli watakuletea habari nyumbani. Dereva wa bodaboda ambaye kijiwe chake ndicho riziki yake hawezi kuondoka, yeye atafute upande ambao moshi haumfikii, na amwombe mmoja tu kati ya wenzake amkatalie kila atakapoomba.

Nafasi mbaya kuliko zote mitaani kwetu ni sigara moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba Tanzania Bara na Zanzibar zilikuwa na watu wazima wapatao milioni 2.6 wanaotumia tumbaku, asilimia 8.7 ya watu wazima wote. Wengi wao hawalazimiki kununua pakiti. Wananunua moja dukani kwa Mangi, na kiberiti kimefungwa kamba dirishani. Kenya ilipiga marufuku uuzaji huo kwa sheria yake ya mwaka 2007, lakini vibandani unaendelea. Anayeacha huku akilipita duka la namna hiyo mara nne kwa siku ni sawa na yule mhudumu anayeona taa za uwanja wa ndege. Badili njia kama kuna nyingine. Usitembee na chenji. Mwambie mwenye duka, uso kwa uso, asikuuzie hata ukiomba. Wenye maduka wengi ni watu wa heshima na watakumbuka.

Fedha inaweza kufunga nafasi kwa njia nyingine. Katika kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, benki moja iliwapa wavutaji akaunti ya akiba yenye sharti: weka fedha kwa miezi 6, kisha mkojo wako upimwe, ukikutwa unavuta, akiba yote inakwenda kwenye hisani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliopewa nafasi ya kufungua akaunti hiyo waliacha kwa wingi kuliko wasiopewa, na tofauti ilikuwapo hata walipopimwa kwa kushtukizwa mwaka ulipotimia. Kibubu cha nyumbani kinaweza kufanya kazi hiyo kikishikwa na mwingine, dada au mweka hazina wa kikoba, kwa makubaliano kwamba ukivuta hukioni tena.

Wapo wanaopenda kupunguza kidogo kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliwalinganisha walioacha kwa mkupuo na waliopunguza kwa wiki mbili kabla ya kuacha. Baada ya wiki 4, asilimia 49 ya wale wa kwanza walikuwa hawavuti, na asilimia 39 ya wale wa pili. Sishangai, kwani anayepunguza anaishi kila siku akingojea ruhusa ya sigara inayofuata.

Kuhusu dawa, nasikitika kwamba watu wetu wengi hawajui kuwa zipo. Plasta na chingamu za nikotini ziliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, na vareniklini na bupropioni zikafuata mwaka 2021. Haziko kila duka la dawa, na si rahisi, lakini uliza mjini, na umuulize daktari. Plasta na chingamu humpa mtu nikotini bila moshi, na ni moshi unaoua. Zikitumiwa pamoja, plasta kwa ajili ya siku nzima na chingamu kwa kiu ya ghafla, zinasaidia kuliko moja peke yake. Chingamu hii haitafunwi kama ya watoto. Unaitafuna taratibu mpaka ianze kuwasha, unaiegesha kati ya shavu na ufizi, ukiona imepoa unatafuna tena. Nikotini hupita kwenye ngozi ya mdomo. Ukiimeza itakuunguza tumbo na haitakusaidia. Kahawa na soda dakika 15 kabla yake huizuia isipite vizuri.

Ukishaacha, uzito huenda ukaongezeka, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na kikohozi kinaweza kuzidi wiki za mwanzo kwa sababu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa vimeamka na kuanza kazi. Lakini makohozi yakiwa na damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kama unajiona umri umekwenda, kuna hesabu ya Richard Doll. Mwaka 1951 yeye na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia makumi ya maelfu ya madaktari wa Uingereza, na matokeo ya miaka 50 yalitoka mwaka 2004. Walioendelea kuvuta walikufa kwa wastani miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata tena miaka 3 hivi kati ya hiyo, wa miaka 50 alipata 6, wa miaka 40 alipata 9, na wa miaka 30 alipata karibu yote. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha takwimu zake za mwanzo zilipomwonyesha sigara inafanya nini kwenye mapafu.

Linabaki la kuteleza. Wengi wanaofanikiwa wamejaribu mara nyingi kabla, na wengi huvuta moja katikati ya safari. Marlatt aliligundua jambo lenye faida kubwa hapa: sigara hiyo moja haimrudishi mtu kama yanavyomrudisha maneno anayojiambia baada yake. Anasema nimeshaharibu, mimi si mtu wa kuacha, anamalizia pakiti kwa uchungu. Basi ukivuta moja, izime hata kama haijafika nusu. Zilizobaki zitie maji. Kama umebandika plasta iache hapohapo, usiibandue, kwa sababu kuendelea nayo baada ya kuteleza humsaidia mtu kurudi kwenye njia. Kisha uangalie sigara ile ilipatikana wapi, kwa nani, saa ngapi, na kabla ya kulala uwe umeamua kesho saa hiyo utakuwa mahali gani pengine.