Seremala Chini ya Bati

Bodi za magari ya kwanza zilitengenezwa na mafundi waliozoea magari ya farasi. Kiwanda kiliuza chasisi na injini; mnunuzi tajiri akaipeleka kwa fundi wa bodi kama anayepeleka kitambaa kwa mshonaji. Fundi huyo, ukweli ni kwamba alikuwa seremala. Alichonga fremu ya eshi, mbao ngumu ya Ulaya inayokubali kupindwa, akaivika bati la chuma au alumini na kuligongomea misumari.

Kazi yake ilikuwa safi. Lakini chasisi za enzi hizo zilikuwa laini. Gurudumu moja likitumbukia shimoni, chasisi nzima ilijinyonga, na bodi ikalazimika kuifuata. Gundi iliachia, skrubu zikapanua matundu, viungo vikaanza kulia. Mlango ndio uliotoa siri mapema: nguzo iliyoshika bawaba ililegea, mlango ukashuka kidogo, na tangu siku hiyo mwenye gari akawa anaunyanyua kwa mkono huku akiusukuma kwa goti. Farasi hakimbii kilomita 60 kwa saa kutwa nzima, kwa hiyo seremala hakuwa na wa kumwonya.

Ubovu mkubwa zaidi ulijificha. Eshi ina nguvu lakini haistahimili unyevu. Maji yaliyopenya dirishani yaliteremka ndani ya mlango na kutuama kwenye boriti ya chini. Mbao ikaoza, bati lililoigusa likaliwa na kutu kutokea ndani. Nje, vanishi ilizidi kung'aa. Vanishi hiyo ilipakwa tabaka juu ya tabaka kwa wiki kadhaa. Hakuna sehemu ya gari iliyobembelezwa kama hiyo, wala iliyobeba mzigo mdogo kuliko hiyo.

Charles Weymann, rubani mzaliwa wa Haiti aliyefanya kazi Paris, aliamua yaishe: kama bodi haina budi kujinyonga, na ijinyonge. Katika miaka ya 1920 aliunganisha vipande vya fremu kwa vibati vya chuma, mbao isigusane na mbao, akaivika kitambaa kilichopakwa selulosi. Makelele yalikwisha. Kitambaa nacho kikaja kupasuka na kunywa maji, na wateja wakarudia mng'ao.

Edward Budd wa Philadelphia aliitupa mbao kabisa. Bodi zake zilikuwa za chuma kilichochomelewa, na Dodge Brothers walianza nazo mwaka 1914. Paa ndilo lililochelewa. Viwanda havikuweza kutoa bati pana la kufunika gari zima, basi katikati ya paa la magari mengi paliachwa uwazi, ukazibwa kwa wavu wa waya, pamba na kitambaa kisichopitisha maji. General Motors walikuja na paa la bati moja kwenye magari yao ya mwaka 1935. Hadi hapo, hata mwenye gari la kifahari ilimbidi apande juu mara kwa mara na kopo na brashi kuziba nyufa, kama mwenye banda linalovuja.