Pa, ku na mu: ngeli za mahali kwenye kilima cha shaba

Katika somo la isimu ya Kibantu, ngeli za mahali hazituchukui muda mrefu. Tunanakili jedwali: ngeli ya 16 ni pa-, ya 17 ni ku-, ya 18 ni mu-. Tunatoa mfano mmojammoja na kuendelea. Mimi nilipata alama nzuri katika somo hilo. Hata hivyo, nilikuja kuzielewa ngeli hizo baadaye, nilipozunguka kilima kimoja upande wa Likasi pamoja na mama aliyempoteza mtoto wake huko.

Kilima chenyewe ni mojawapo ya vilima vya shaba vya Katanga. Vilima hivi hutambulika kwa mbali, kwa sababu msitu wa miombo unaishia ghafla na juu kunabaki majani na maua tu. Shaba iliyojaa katika udongo hairuhusu miti mingi kuota. Njia ya miguu inakizunguka chote na kukurudisha pale ulipoanzia. Ukitembea polepole, ni kama saa mbili.

Njia inaanzia kwenye mwembe. Hapo ndipo wachuuzi wa makaa hupumzika, na watu huagana kwa kusema “tutakutana pa muti ya maembe”. Hiyo ndiyo kazi ya pa: mahali mahususi panapojulikana na wote wawili, msemaji na msikilizaji. Kutoka hapo unapanda. Ukikutana na mtu akakuuliza unakokwenda, utajibu “naenda ku mulima”. Ku haionyeshi ulipo hasa; inaonyesha upande, eneo, mwelekeo. Kwenye bega la kilima miti inakwisha na unaona mbali, hadi mabomba ya moshi ya viwanda vya Likasi. Bado uko ku mulima.

Tofauti inaanza kuuma ukishuka upande wa pili, penye chemchemi. Wanawake wanaoteka hapo husema “mayi inatoka mu mulima”. Hawasemi ku. Maji hayatoki upande wa kilima. Yanatoka ndani yake, katika mwamba.

Kiswahili sanifu hakijapoteza tofauti hii, ila kimeihamisha. Nomino inapata kiambishi kimoja tu, -ni, na ngeli tatu zinabaki katika upatanisho: mlimani pana maji, mlimani kuna maji, mlimani mna maji. Ukiitaja nomino peke yake, “mlimani”, msikilizaji hana njia ya kujua ni pa, ku au mu. Katika Kiswahili cha Katanga, ambacho Edgar Polomé alikieleza katika makala yake ya mwaka 1968 juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, alama inakaa mbele ya nomino yenyewe. Jirani zake wa Kibantu hufanya vivyo hivyo: Mbemba husema pa ng'anda, ku ng'anda, mu ng'anda, na kila moja ni mahali pengine pa nyumba ileile. Kwa hiyo anayesema “mu mulima” hajaharibu “mlimani”. Amesema jambo ambalo “mlimani” peke yake haisemi.

Baada ya chemchemi, njia inapita katikati ya mabaki ya zamani. Kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, mafundi wa Katanga walikuwa wameyeyusha shaba kwa karne nyingi. Walichimba mawe ya kijani, malakiti, wakayachoma kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakipuliza kwa mivukuto. Leo yanabaki mashimo yaliyojaa majani na vipande vyeusi vilivyotoka katika tanuru. Yanabaki pia maua: mmea uitwao Haumaniastrum katangense hupenda udongo wenye shaba, na wanaakiolojia wameutumia kutafuta mahali palipokuwa na tanuru. Mashimo ya zamani ni mapana na mengi si marefu. Mita chache mbele yake ni mashimo mapya ya wachimbaji wa mkono: membamba, yanayoshuka wima na kisha kupinda chini kwa chini.

Hapo yule mama alisimama.

Msimu wa mvua uliotangulia, shimo moja liliporomoka. Familia ziliniomba niwaandikie barua kwa Kifaransa kwa ofisi iliyokuwa ikiandika orodha ya waliofunikwa. Mama alinieleza: “Mutoto wangu alibakia mu mulima.” Mimi, kichwani mwangu, nilipitia kwanza “mlimani”, na kutoka “mlimani” nikaandika sur la colline. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Mtu aliyebaki juu ya kilima, walisema, hakuwa miongoni mwa waliofunikwa. Huenda alikwenda kutafuta kazi kwingine.

Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunikaripia. Alinichukua tuzunguke kilima, na tulipofika kwenye yale mashimo mapya akaonyesha udongo uliodidimia.

“Mwana, mimi sikusema ku mulima,” aliniambia. “Nilisema mu.”

“Ndiyo, Mama. Ulisema mu.”

Barua ya pili niliiandika upya: dans la colline, sous terre. Jina la mtoto wake liliingizwa katika orodha. Udongo haujafukuliwa hadi leo.

Wenzangu wengi tutaishi kwa kutafsiri: mahakamani, hospitalini, katika ofisi za misaada. Tumezoea kusikia kwamba Kiswahili cha kwetu ni kibovu, na sisi wenyewe hukisahihisha kimyakimya kabla ya kukitafsiri. Ushauri wangu ni mmoja: mtu akisema pa, ku au mu, iandike kwanza kama alivyoitamka, kisha muulize inaonyesha wapi. Tafsiri baadaye.

Tulimaliza mzunguko jioni, tukarudi pa muti ya maembe. Mama alikaa, akavua viatu kutoa changarawe, kisha tukaagana.