Sweta ya mwaka kesho

Bandugu, kama mwezi wa sita ulienda ku cours na koti ya kuazima, usione haya, na mimi nilikuwa vile. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1,200, njo maana usiku wa Juni na Julai baridi inaingia mpaka ndani ya mifupa, kisha Oktoba jua inatuchoma.

Ba mama wanaouza nguo za balo ku soko ya Kenya wanajua hii kalenda kuliko sisi wenye diplome. Balo ikifunguliwa, anayechagua wa kwanza analipa sana. Mwisho wa Agosti masweta yaliyobaki yanamuzuilia mama nafasi, na yeye anatafuta feranga za kununua nguo nyepesi. Hapo bei inaanguka.

Enda mangaribi, wakati anafunga. Angalia makwapa na zipu, rangi utaizoea. Juzi nilipata moja ya sufu, nzito kabisa. Mama akacheka:

“Mwana, unanunua baridi ya mwaka kesho?”

“Ndiyo, mama.”

Feranga zilizobaki nilinunua karanga za kukaanga, moto-moto. Tulizikula na mwenzangu njiani, tukirudi Kasapa.