Nani Amchague Mlinzi? Utangulizi

Mkuu wa Polisi wa Wilaya akihamishwa, wakazi wa Bujora na Kisesa, huku Usukuma, hulisikia jambo hilo likiwa limekwisha. Hawaulizwi kama anayeondoka alifaa, wala anayekuja awe mtu wa namna gani. Kisheria hakuna aliyekosea: Rais humteua Mkuu wa Jeshi la Polisi, na chini yake amri za uteuzi na uhamisho hushuka hadi mkoani, wilayani na kituoni. Hata hivyo, Usukuma huuhuu una historia ndefu ya watu kujichagulia walinzi wao. Somo ninalokukaribisha linakaa katikati ya taratibu hizo mbili.

Somo hili halina idara yake chuoni. Limekopa kwa wanasheria, wanahistoria na wanaanthropolojia, na kila mmoja huja na istilahi zake. Mgeni asiogope. Ukiyachambua maandishi yao utakuta maswali matatu: nani anamchagua mlinzi, nani anaweza kumhoji, na nani anaweza kumwondoa? Wengi wetu hukimbilia la kwanza. Mimi naona mawili ya mwisho ndiyo mazito zaidi.

Anzia Bujora penyewe, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada ambaye wenyeji walimwita Fumbuka. Banda moja limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na vyombo vya utawala wa batemi, yaani machifu wa Kisukuma, vimehifadhiwa hapo. Ukivitazama, usidhani mtemi alijitawalia apendavyo. Hans Cory, aliyeandika juu ya mila za Wasukuma katika miaka ya 1950, anaeleza jinsi banang'oma, washauri wa mtemi, walivyokuwa na sauti katika kumpata mtemi. Mtemi ambaye nchi yake iliandamwa na ukame aliweza kuondolewa. Vijijini walikuwapo pia basumba batale, viongozi wa vijana waliowekwa na wanakijiji wenyewe, wenye nguvu ya kumwadhibu aliyekaidi kazi ya pamoja.

Serikali ilifuta utemi mwaka 1963. Haikupita hata miaka 20, cheo hicho kikarudi kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, silaha zilikuwa zimezagaa, wizi wa ng'ombe umeshamiri, na kituo cha polisi kiko mbali. Vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vikaunda sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, na kuwachagua viongozi wao: ntemi (ndiye mtemi), katibu, kamanda. Mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukipigwa usiku, kila nyumba ilipaswa kutoa mtu na upinde wake. Asiyetoka alitozwa faini. Akiendelea kukaidi alitengwa, asishirikiane na mtu kwa lolote. Ray Abrahams wa Cambridge aliandika juu yao mwaka 1987, na baadaye Mtanzania Sufian Bukurura akalichimba suala hilo kwa jicho la mwanasheria. Soma wote wawili.

Unaposoma, usishangilie mapema. Wanakijiji walimchagua kamanda, ng'ombe wakapatikana, lakini mtuhumiwa hakuwa na wakili wala mahali pa kukata rufaa. Vikongwe walioshukiwa uchawi walijikuta mbele ya walinzi waliochaguliwa na majirani zao wenyewe. Kura ya wengi haimlindi anayechukiwa na wengi. Sheria ya mwaka 1989 iliwaingiza sungusungu katika mfumo wa mgambo na kuwapa mamlaka ya kukamata. Ilitambua kazi yao, ila swali la nani awahoji halikwisha.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Chini ya Katiba ya 2010, tume ya huduma ya polisi iliwahoji hadharani waombaji wa nafasi ya Inspekta Jenerali, na David Kimaiyo akaapishwa Desemba 2012. Miaka miwili baadaye sheria ikabadilishwa: Rais akapewa nafasi ya kupendekeza jina moja kwa moja, Bunge likabaki kumpitisha. Mwananchi bado anaweza kupeleka hoja zake bungeni, lakini mlango umekuwa mwembamba. Hapo utajifunza kwamba haki ya kuulizwa, hata ikipatikana, huweza kupunguzwa bila kelele.

Hapa kwetu Tanzania, tangu enzi za Mkuu wa Jeshi la Polisi Said Mwema, tumezoea maneno polisi jamii na ulinzi shirikishi. Mwananchi hushirikishwa kulinda, kutoa taarifa, kuchangia ujenzi wa kituo; kumpima mkuu wa kituo hashirikishwi. Mwaka 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kuhusu taasisi za haki jinai, kwa hiyo mjadala uko wazi na unahitaji watu waliojiandaa.

Ukitaka kuingia katika somo hili, usingoje chuo. Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji au mtaa wako siku ajenda ni ulinzi. Andika nani alisema, nani alinyamaza, na nani hakualikwa. Kisha muulize mwenyekiti swali moja: mlinzi huyu akikosea, tunampeleka wapi?