Pikipiki ya babu iliyolala stoo: Kabla ya kuifufua, kaeni kikao

Katika kata ya Itaka, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, msimu wa kahawa ukiisha ndipo watu hupata nafasi ya kupanga stoo. Hapo huibuka mali za wazee: magunia ya zamani, mashine ya kumenyea kahawa iliyoshika kutu, na katika baadhi ya nyumba, pikipiki.

Tangi limepauka. Tairi zimekaa chini. Kiti kimetobolewa na panya. Mtoto wa kidato cha pili anapangusa vumbi ubavuni na kuuliza: “Baba, hii ya babu ilikuwa inatembea kweli?”

Baba anacheka. Anakumbuka enzi zile mlio wake ukisikika ng’ambo ya bonde, mama alikuwa anaweka maji ya kuoga jikoni kabla mzee hajafika.

Swali la pili ndilo gumu: “Tunaweza kuifufua?”

Hapo ukoo hugawanyika. Shangazi anasema ni kumbukumbu ya marehemu, isiguswe. Baba mdogo anataka iuzwe chuma chakavu, fedha zigawanywe. Mama mwenye nyumba ananyamaza, kwa sababu anawaza mambo mawili: ada ya muhula ujao, na vijana wa bodaboda aliowaona wodini wakiwa wamefungwa plasta.

Wote wana hoja. Ndiyo maana kazi ya kuifufua pikipiki ya babu haianzi na spana. Inaanza na kikao.

Ni pikipiki ya aina gani?

Kabla ya pikipiki za China na India kujaa vijijini, nyingi zilizotumiwa na mabwana shamba, wahudumu wa afya na watu wa misheni zilikuwa za Kijapani, zenye injini ya mipigo miwili. Yamaha AG100 ni mfano mzuri. Herufi AG zinatokana na neno la Kiingereza la kilimo. Nyingine ni Yamaha DT125.

Injini ya Boxer au TVS ya leo hufanya kazi kwa mipigo minne: kuvuta mafuta na hewa, kukandamiza, kulipua, kisha kutoa moshi. Ya babu hufanya yote hayo kwa mipigo miwili tu, pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja. Haina vali kwenye kichwa cha silinda. Ni nyepesi, ina vyuma vichache, na huchomoka haraka.

Gharama yake ni kwamba oili huungua pamoja na petroli. Ndiyo sababu hutoa moshi wa buluu na harufu yake haisahauliki. Mkulima wa kahawa mwenye pampu ya mota ya kupulizia dawa, au fundi mwenye msumeno wa mota wa kukatia miti, anaijua oili hiyo. Chupa yake huandikwa 2T.

Ndugu zake wa mbio

Mtoto akijua ukoo wa pikipiki hiyo, ataiheshimu zaidi.

Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, ilitengenezwa kwa kufuata mfano wa pikipiki ya Kijerumani, DKW RT125, iliyotoka mji wa Zschopau. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mji huo ulibaki upande wa Ujerumani Mashariki, na kiwanda chake kikaja kuitwa MZ. Hapo mhandisi Walter Kaaden aliinoa siri ya eksozi yenye tumbo. Umbo lake hurudisha wimbi la mgandamizo hadi kwenye silinda, likazuia petroli isiyoungua isitoroke na moshi. Injini ndogo ikapata nguvu kubwa.

Mwaka 1961, wiki chache baada ya ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, dereva wa MZ, Ernst Degner, alitoroka akiwa kwenye mashindano nchini Sweden. Mkewe na watoto wao walivushwa mpaka wakiwa wamefichwa kwenye buti la gari. Degner akaenda Suzuki na maarifa yale, na mwaka 1962 akaipa kampuni hiyo ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 50.

Kutoka hapo zikaja pikipiki za kasi zinazotafutwa leo na wapenzi wa pikipiki za zamani duniani: Kawasaki H1 ya silinda tatu iliyotoka mwaka 1969, Yamaha RD350, Suzuki RG500. Katika mbio za cc 500, injini za mipigo miwili zilitawala hadi mwaka 2001, Valentino Rossi alipochukua ubingwa wa mwisho wa daraja hilo.

Yupo dereva mwingine wa mbio hizo anayewahusu zaidi watu wa vijijini Afrika. Mmarekani Randy Mamola alishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa cc 500 mara nne. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikwenda Somalia kuona kazi ya shirika ambalo wapenzi wa mbio walikuwa wakilichangia. Huko zikaonekana pikipiki za wahudumu wa afya zimetelekezwa, nyingi zikiwa bado na umri wa kufanya kazi. Zilikosa matunzo madogo tu. Kutokana na hayo, yeye pamoja na Andrea na Barry Coleman wa Uingereza walianzisha Riders for Health, shirika la kuwafundisha wahudumu wa afya barani Afrika kutunza pikipiki zao.

Yaani mtu aliyeishi kwa kasi aligundua kwamba kinachohitajika zaidi ni mtu wa kukaza mnyororo na kuangalia oili. Hilo ndilo somo la kumpa kijana kabla hajapewa funguo.

Kikao kiamue nini

Kwanza, mali ni ya nani? Kama kadi bado ina jina la marehemu, pikipiki hiyo ni sehemu ya mirathi. Msimamizi wa mirathi ahusishwe na umiliki ubadilishwe TRA kabla ya mtu yeyote kuzamisha fedha. Ugomvi wa ndugu huanza pikipiki inapong’aa, si inapokuwa na kutu.

Pili, fedha. Wekeni daftari, na mtoto ndiye aandike: tarehe, spea, bei, nani katoa. Kubalianeni kiwango cha mwisho mapema, na ada ya shule ikae nje ya hesabu hiyo. Spea zikikosekana Mlowo au Tunduma, kazi isubiri. Pikipiki iliyolala miaka mingi haitaumia ikilala miezi mitatu zaidi.

Tatu, nani ataendesha? Asiye na leseni haendeshi barabarani, hata kama ndiye aliyesafisha kabureta.

Hatua kwa hatua

Kosa la kwanza la wengi ni kupiga kiki papo hapo. Pistoni iliyokaa na kutu inaweza kukwaruza silinda. Toeni plagi, mimineni oili kidogo ndani, acheni usiku kucha, kisha zungusheni injini taratibu kwa mkono. Ikigoma, msilazimishe, mwiteni fundi.

Petroli ya zamani imwagwe nje ya nyumba, mbali na jiko. Tangi lisafishwe kutu, na kabureta ifunguliwe, maana vitundu vyake huziba kwa utando wa mafuta yaliyokauka.

Kisha oili sili za krenki. Hapa ndipo pikipiki nyingi za mipigo miwili huuawa. Sehemu ya chini ya injini hiyo lazima ifungwe hewa kabisa. Sili zikikauka, hewa ya ziada huingia, mchanganyiko hukosa mafuta ya kutosha, pistoni hupata moto na kujamu. Injini huwa inawaka na kuunguruma vizuri, halafu inafia njiani. Fundi akisema sili ziachwe kwa kuwa “bado zinadai”, ombeni zibadilishwe.

Breki, tairi, kebo na mnyororo vitangulie kabla ya rangi. Viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, hivyo vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Tairi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 huwa na tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya miaka mingi hata ikiwa na meno haifai.

Mwisho ni oili. Kiwango sahihi ni cha kitabu cha pikipiki husika. Kama kinasema 1 kwa 25, lita moja ya petroli huhitaji mililita 40 za oili, na lita tano huhitaji mililita 200. Nyingine zina tangi la oili pembeni na pampu inayochanganya yenyewe. Fundi athibitishe kwamba inasukuma. Mtoto apime kwa bomba la sindano, si kwa kizibo wala kwa macho. Ikipungua, injini inajamu. Ikizidi, plagi inajaa masizi.

Petroli na watoto wadogo

Msihifadhi mchanganyiko kwenye chupa ya maji au soda. Mtoto mdogo haulizi kilichomo. Tumieni dumu la mafuta, liandikwe, likae juu na mbali na moto. Ikitokea mtoto amekunywa, asitapishwe. Apelekwe kituo cha afya mara moja. Injini isiwashwe ndani ya stoo, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyonusika.

Siku ya kuendesha

Anayezoea pikipiki za sasa ajifunze upya, tena akiwa na helmeti iliyofungwa. Baadhi ya pikipiki hizi, hasa za kasi, hupoa chini kisha nguvu huja ghafla. Ukiachia mafuta, injini haisaidii sana kupunguza mwendo, hivyo breki ziwe za kuaminika. Kwenye mteremko mrefu, kufunga mafuta kabisa huku gia imeingia huinyima injini oili. Gusa mafuta kidogo mara kwa mara. Na barabara kuu yenye malori ya kwenda mpakani Tunduma si mahali pa kujaribia.

Huenda safari ya kwanza ikawa ya kuzunguka uwanja wa nyumbani tu. Inatosha. Bibi atausikia mlio akiwa jikoni, atatoka na kusimama mlangoni. Shangazi atapata kumbukumbu yake, na baba mdogo ataona kwa nini haikuuzwa kwa kilo.

Mama naye atakuwa anamtazama kijana. Amtazame injini inapozimwa: kama atakimbilia simu kupiga picha, au atainama kwanza kufunga koki ya mafuta.

Akiinama, ameanza kuiva.