Simu ya dharura: gharama kubwa iko kwenye kiti, si kwenye gari

Mwenye teksi anayeamshwa saa nane usiku na kuambiwa kuwa kijiji cha pili kuna mjamzito anayetoka damu hupiga hesabu mbili kwa haraka. Ya kwanza ni ya barabara. Ya pili ni ya malipo: nani atalipa mafuta, na lini? Familia isipokuwa na fedha mkononi, dereva ana sababu ya kurudi kulala. Gari lipo, mafuta yapo, mgonjwa yupo, lakini safari haipo. Kwa lugha ya sokoni, mwenye bidhaa na mwenye shida wamekosa dalali.

Dalali wa soko hili ni mpokea simu za dharura, pamoja na mratibu anayeamua gari lipi liende wapi. Katika vituo vidogo kazi hizo mbili hufanywa na mtu mmoja. Ni kazi isiyoonekana barabarani, na ndiyo sababu wengi wanaopanga kuwekeza katika huduma za dharura hununua magari kwanza na kukumbuka chumba cha simu baadaye.

Mfano ulio karibu ni mpango wa m-mama hapa Tanzania. Ulianza mwaka 2013 katika Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 serikali ilikubaliana na wabia wake, ikiwamo taasisi ya hisani ya Vodafone, kuueneza nchi nzima. Mhudumu wa zahanati au ndugu wa mgonjwa hupiga 115 bila malipo. Mratibu huuliza dalili za hatari, programu ya kompyuta humwonyesha kituo kinachofaa, naye hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, humpigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa na kufundishwa mapema. Mgonjwa akishapokelewa na kituo kikathibitisha, dereva hulipwa kwa M-Pesa.

Kilichobadilika hapo si idadi ya magari. Teksi zilikuwapo tangu zamani. Kilichoongezwa ni mtu wa kuamua, na ahadi ya malipo ambayo dereva anaiamini.

Maswali yanavyofuatana

Swali la kwanza la mpokea simu aliyefundishwa vizuri si "kuna nini?" bali "uko wapi?" Simu inaweza kukatika wakati wowote, salio la betri likiisha au mtandao ukiyumba. Ukijua mahali bila kujua tatizo, unaweza kutuma gari. Ukijua tatizo bila kujua mahali, huna la kufanya. Swali la pili ni namba ya kumpata tena mpigaji. Ndipo linafuata tatizo lenyewe.

Katika miji yetu na vijiji vyetu swali hilo la kwanza ndilo gumu kuliko yote. Nyumba nyingi hutambulishwa kwa msikiti, mashine ya kusaga au mwembe, na mnara wa simu huonyesha eneo pana tu. Kwa hiyo mratibu mzuri ni yule anayeijua wilaya yake: daraja lipi hufunikwa na maji wakati wa masika, na zahanati ipi hufungwa usiku. Ujuzi huo hauji na kompyuta. Mfanyakazi mzoefu akiondoka, anaondoka nao.

Mpokea simu hana budi pia kutuliza mtu anayepiga kelele, kumwelekeza la kufanya kabla gari halijafika, kuijulisha hospitali inayomsubiri mgonjwa, na kutenganisha simu za kweli na za mzaha. Akishamaliza, simu nyingine inaita. Mara nyingi hapati kujua yule wa kwanza aliishia vipi. Waajiri wanaosahau uzito huo hulipia baadaye, kwa watu kuacha kazi.

Hesabu ya kiti kimoja

Kiti kimoja, yaani meza moja yenye simu na mtu saa zote, kinahitaji saa 168 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mtu mmoja basi hutoa wiki 48, sawa na saa 2,160. Kiti kinadai saa 8,736. Gawanya, utapata watu 4 na zaidi kidogo, kabla ya kuhesabu ugonjwa, msiba na mafunzo. Mpangaji mwangalifu ataandika watu 5.

Juu ya hapo, sheria hiyo hiyo inadai nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa hiyo anayesema "nitaajiri wawili wapokezane" hajapiga hesabu, au anakusudia kuvunja sheria.

Anayekaa bila kazi si hasara

Linalowasumbua zaidi wafanyabiashara ni hili: ukiingia kwenye chumba cha simu za dharura kilichopangwa vizuri, utakuta watu wamekaa. Mwenye mali atataka kupunguza. Mdenmaki Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alionyesha kwa hesabu mwaka 1917 kwa nini kufanya hivyo ni hatari.

Chukua mfano wa kituo kinachopata wastani wa simu 12 kwa saa, kila moja ikichukua wastani wa dakika 5. Kwa karatasi hiyo ni kazi ya mtu mmoja, dakika 60 kamili. Lakini simu haziji kwa mpangilio. Zinaweza kuja tatu kwa mpigo, kisha kimya. Ukiweka mtu mmoja, foleni itaendelea kurefuka bila kikomo. Ukiweka 2, mpigaji 1 kati ya 3 atasubiri. Ukiweka 3, atasubiri 1 kati ya 11. Ukiweka 4, watasubiri kama 2 kati ya 100.

Wakiwa 3, kila mmoja atakuwa kwenye simu dakika 20 tu katika kila saa. Dakika 40 zilizobaki si uvivu. Ndizo bidhaa inayouzwa, kama vile bima inavyouza ulinzi hata mwaka ambao nyumba haikuungua. Kama wingi wa simu ni ule ule usiku na mchana, viti 3 ni waajiriwa 15. Simu zikipungua usiku, viti vinaweza kupungua pia, lakini kwa kufuata rekodi za simu zenyewe, si kwa kukisia.

Bei ya foleni inajulikana tangu zamani. Mwezi Novemba 1935 moto uliwaka katika nyumba moja ya Wimpole Street, London, ukaua wanawake 5. Jirani aliyepiga simu kuita zimamoto aliwekwa kwenye foleni pamoja na wapigaji wengine wa kawaida, kwa kuwa mtambo haukuwa na njia ya kujua simu ipi ni ya dharura. Jirani huyo aliandika malalamiko gazetini, uchunguzi ukafanyika, na tarehe 30 Juni 1937 London ikaanza kutumia namba 999.

Kwa mwenye mtaji mdogo

Mambo haya hayahusu serikali na mashirika ya hisani pekee. Kampuni za ulinzi zinazouza kengele za dukani, wenye magari ya wagonjwa ya kulipia na wanaouza uanachama wa huduma za uokoaji, wote wanauza kitu kimoja: ahadi kwamba simu itapokelewa na mtu atakuja. Duka la jumla linalolipa ada ya kengele kila mwezi linanunua kiti kile kile.

Kabla ya kuweka fedha, au kutia saini mkataba wa mwaka, inafaa kuuliza mambo manne. Zamu ya usiku ina watu wangapi, na nani hushika simu mmoja wao akienda kula? Simu hupokelewa baada ya sekunde ngapi, na je, kuna rekodi? Umeme au mtandao ukikatika, njia ya pili ni ipi? Na wenye magari wa nje hulipwa lini? Kampuni inayowacheleweshea madereva malipo itaorodhesha magari mengi mchana na kukosa hata moja saa nane usiku.

Njia rahisi ya kupata majibu hayo ni kupiga namba ya kampuni hiyo usiku wa manane, kabla ya kulipa, na kuhesabu inaita mara ngapi. Jambo hilo lifanywe kwa kampuni za biashara tu. Namba za umma, 112, 114 na 115, hazijaribiwi, kwani huenda wakati huo huo mwingine anaipiga kwa shida ya kweli.