Kufungua Dashibodi Bila Kuivunja

Pikapu iliyotumika Japani, ikiwa bado na redio yake ya kiwandani, hufika Dar es Salaam au Mombasa ikiwa nusu kiziwi. Redio za kule kwa kawaida zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, mpaka 108. Ndiyo maana paneli inayoizunguka redio huwa ya kwanza kung'olewa, na ndiyo maana magari mengi yana makovu ya bisibisi hapo hapo.

Paneli hiyo imeshikwa na klipu. Nyuma yake kuna ndimi za plastiki zilizovikwa vibanio vya bati, nazo husukumwa kwenye matundu ya dashibodi. Ukivuta kwa kunyoosha kuja kwako, klipu huachia. Ukipindisha, ulimi hukatika. Ingiza kabari ya plastiki ukingoni, karibu na klipu yenyewe, kisha uifuate inayofuata. Bisibisi bapa ibaki kwenye boksi.

Paneli ikigoma, acha kuvuta, tafuta skrubu. Watengenezaji huzificha chini ya vifuniko vidogo, ndani ya droo ya abiria, au nyuma ya paneli jirani. Paneli hupandana: iliyofungwa mwisho kiwandani ndiyo hutoka kwanza. Kwa maoni yangu, plastiki nyingi huvunjwa na haraka kuliko uhaba wa vifaa. Baridi nayo huchangia; asubuhi ya Njombe, liache gari lipate jua kwanza.

Soketi za waya zina kufuli: bonyeza, ndipo uchomoe, wala usivute waya. Za njano ni za mifuko ya hewa, na hapo hakuna mzaha. Zima swichi, toa waya hasi wa betri, usubiri angalau sekunde 90, maana mfumo huo hubaki na umeme wa akiba. Usizipime kwa taa ya majaribio hata kidogo.

Wakati wa kurudisha, vibanio vingine vya bati vitakuwa vimebaki kwenye matundu. Vitoe kwa koleo, uvivishe tena kwenye ndimi zake, ndipo ubane paneli. Kimoja kikikosekana, dashibodi italia kila ukikanyaga barabara ya makorongo, kwa hiyo nunua vya akiba kabla hujaanza kufungua.